Wavu wa Motokaa: Ulinde, Usizibe



Motokaa yataka mafuta, yataka maji, na yataka hewa. Mafuta kila mwenye gari huyaangalia, kwa sababu yana bei. Maji huyaangalia mara moja moja, akikumbuka. Lakini hewa, kwa kuwa ni ya bure, ni wachache wanaoifikiri. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya hewa hiyo, na juu ya mawe yanayoruka barabarani, na jinsi mtu wa kijijini awezavyo, kwa mikono yake mwenyewe, kuyazuia mawe bila kuizuia hewa.

Labda utasema, "Mimi sina motokaa. Habari hizi ni za wenye mali." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Huku kwetu Ngara, kijiji chenye pikapu moja hiyo pikapu ni ya watu wote. Ni ya mwenyewe siku ya kulipa bima na siku ya kununua matairi. Lakini usiku wa manane, mama anaposhikwa na uchungu au mtoto anapopata degedege, si ya mwenyewe peke yake tena. Ndiyo ichukuayo maharage na ndizi kwenda sokoni, mabati ya shule, saruji, hata jeneza. Ikiharibika, kijiji kizima chaona taabu. Kwa hiyo hata wewe usiye na gari yakupasa kujua ni kitu gani kinachoweza kuiua.

Wenyeji wa Ngara na Biharamulo mnazijua barabara zetu. Iko ile kubwa ya lami itokayo Lusahunga, ikapita Nyakahura na Benaco, ikashuka mpaka Rusumo kwenye mto Kagera. Liko na tawi lake lipitalo Ngara na Kabanga kwenda Kobero, mpakani mwa Burundi. Humo hupita malori mazito ya Rwanda na Burundi, usiku na mchana. Halafu ziko njia zetu wenyewe za udongo na changarawe, zipandazo na kushuka vilima kwenda vijijini. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, kokoto zikabaki juu kama punje zilizoanikwa. Tairi hukibana kijiwe, likakirusha. Gari jingine likija, likakutana nacho hewani.

Fanya hesabu kidogo. Wewe unakwenda kilometa 60 kwa saa. Kijiwe kilichorushwa na lori linalokuja mbele yako kinakujia kwa mwendo wa 40. Basi kikikupiga, ni sawa na kupigwa kwa mwendo wa 100. Kioo kikipasuka utakiona papo hapo. Lakini kijiwe kikiingia chini, katikati ya zile tundu za mbele ya gari ambazo mafundi huziita sho, hutaona kitu. Huko nyuma ya sho ndiko ilikokaa rejeta.

Rejeta ni nini? Ni safu ya mirija myembamba ya kupitisha maji, na katikati ya mirija hiyo vimo vibati vyembamba mno, kama karatasi, ambavyo waweza kuvipinda kwa ukucha. Maji hutoka kwenye injini yakiwa na moto mkali, yakapita katika mirija, na hewa inayoingia mbele ikapita kwenye vile vibati na kuuchukua ule moto. Kisha maji yaliyopoa kidogo hurudi kwenye injini. Ndivyo yaendavyo muda wote gari linapotembea. Wembamba wa vibati ndio uipao rejeta nguvu ya kupoza, na wembamba huo huo ndio uifanyao iwe dhaifu mbele ya jiwe.

Tena liko jambo jingine lituhusulo sisi watu wa milimani. Pwani maji huchemka yakifika joto la nyuzi 100. Lakini kwa kila mita 300 unazopanda, nyuzi moja hivi hupungua. Mtu aliye kwenye kimo cha mita 1,500 maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 80 mpaka 95 au zaidi, kwa hiyo ziko ukingoni kabisa. Kinachoziokoa ni kile kifuniko cha rejeta, ambacho huyabana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Sasa jiwe likitoboa tundu, hata dogo kama la sindano, ule mbano hutoroka. Maji yaliyokuwa yametulia huchemka mara moja, yakawa mvuke, yakaisha.

Nitawasimulia yaliyompata jirani yangu mmoja, nami nimepewa ruhusa naye, mradi nisitaje jina lake. Ilikuwa kiangazi, usiku, amemchukua mama mjamzito amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, pamoja na mama mkwe wake na shangazi wawili. Walipishana na lori. Wakasikia "ta!" mbele, kama mtu aliyegonga sufuria. Taa zilikuwa zinawaka, kioo kizima, wakaendelea. Gizani mvuke na vumbi havitofautiani. Mshale wa joto ulipopanda, dereva alitaka kusimama, lakini nyuma wakapiga makelele: "Baba, endesha! Mtoto anakuja!" Ni nani kati yetu angesimama? Akaendesha. Hazikupita kilometa mbili, injini ikanyamaza.

Wale akina mama walikata miti miwili wakafunga blanketi, na vijana wa kaya za karibu wakambeba mgonjwa mpaka walipopata gari jingine. Mungu ashukuriwe, mama na mtoto ni wazima. Lakini pikapu ilikuwa imekwisha. Maji yalipomalizika, injini iliungua, kichwa cha silinda kikapinda. Ilikaa chini ya mwembe miezi minne. Katika miezi hiyo kijana wake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na maharage ya majirani yaliuzwa kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi waliokuja na magari yao. Fundi alipoifungua rejeta alitoa humo kijiwe kama nusu ya yai la kuku. Kijiwe hicho kimoja kiliugusa mfuko wa kila nyumba.

Habari ile ilitutia hofu sote wenye magari. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuja kwangu na kipande cha bati alichokitoboa kwa msumari, matundu kama thelathini. Akasema, "Shemeji, tufunge hili mbele ya gari lako. Hapa hata risasi haipiti." Nikamjibu kwamba risasi haitapita, lakini na hewa je? Tulibishana sana, maana yeye ni mtu wa kutaka kitu kigumu. Mke wangu alikuwa karibu, anachekecha unga wa muhogo. Bila kuinua macho akasema, "Baba watoto, na wewe kaka, tazameni hapa. Unga ukiwa mkavu, chekecheke hii inapitisha vizuri. Ukipata unyevu kidogo tu, matundu yote yanaziba, nami napiga-piga bure. Na huko barabarani mnakokwenda kuna tope au hakuna?"

Shemeji alicheka, akaliweka bati chini. Msomaji, maneno ya mama yule ndiyo shina la habari yangu yote. Kinga ya gari haipimwi kwa ugumu peke yake. Hupimwa kwa kile inachozuia na kwa kile inachopitisha, tena siku ya kiangazi na siku ya masika.

Basi tulichagua wavu wa nyaya. Hapa kwetu tunazo aina nyingi: wavu wa madirisha wa kuzuia mbu, wavu wa banda la kuku, wavu wa vichanja vya kuanikia kahawa, na ule wa nyaya zilizounganishwa kwa moto ukawa miraba. Ipi yafaa? Hesabu yaweza kutusaidia. Chukua wavu ambao nyaya zake zina unene wa milimita 1 na zimepangwa kila baada ya milimita 12. Kila tundu ni milimita 11 kwa 11. Ukizidisha utapata kwamba katika sehemu 100 za uso wa wavu, 84 ziko wazi. Sasa chukua wavu wa nyaya za nusu milimita zilizopangwa kila baada ya milimita 2. Hapo ni sehemu 56 tu zilizo wazi, na tope bado halijafika. Likifika, utakuwa umelifunga gari lako blanketi usoni.

Utauliza, "Je, kijiwe kidogo hakitapita katika tundu la milimita 11?" Kitapita. Lakini kumbuka kwamba jiwe lenye upana wa nusu ya jingine, uzito wake si nusu. Ni sehemu moja ya nane tu. Vijiwe vipitavyo ni vyepesi, navyo mara nyingi hupinda vibati bila kutoboa mrija. Vile vizito, vya kuua, hubaki nje. Basi kanuni rahisi ni hii: ncha ya kidole cha mwisho iweze kuingia tunduni, lakini kidole gumba kisiweze. Nyaya ziwe zimepakwa zinki zisishike kutu. Wavu wa kuku ule mlegevu haufai, maana jiwe likiupiga hutanuka.

Sasa kazi yenyewe. Vyombo vyake ni vichache: mkasi wa kukatia bati, koleo, tupa, spana mbili tatu, waya wa kufungia nondo, na vipande vya mpira wa ndani wa tairi lililochakaa.

Kwanza, fanya kazi gari likiwa limepoa kabisa, na ufungue waya hasi wa betri. Magari mengi ya siku hizi feni yake ni ya umeme, nayo yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata funguo ikiwa mfukoni mwako. Vidole havina vipuri.

Pili, chukua boksi la karatasi nene, ulikate mpaka lienee nyuma ya sho kama unavyotaka wavu ukae. Karatasi ikikosewa hutupwa. Wavu una bei. Ukiridhika na karatasi, iweke juu ya wavu, ukate ukiongeza sentimita moja pande zote. Ile sentimita uikunje ndani, ili ncha za nyaya zisikate mikono wala mipira ya maji. Penye ncha kali pitisha tupa.

Tatu, usiulaze wavu juu ya rejeta. Jambo hili ni kubwa kuliko mengine yote. Jiwe likiupiga, wavu hubonyea kwa ndani. Ukiwa umegusana na rejeta, ni sawa na kutokuwa na wavu. Acha nafasi ya vidole vitatu, au zaidi kama gari lako lina nafasi. Kumbuka pia kwamba magari yenye kipoza hewa yana kitu kingine kinachofanana na rejeta kilichowekwa mbele yake. Hicho nacho ni chembamba hivyo hivyo, usikiguse.

Nne, funga wavu kwenye sho yenyewe au kwenye chuma cha bampa, si kwenye mirija ya rejeta. Pointi nne mpaka sita zatosha. Kila mahali chuma kinapokutana na chuma weka kipande cha mpira, ama sivyo utasikia kelele njia nzima, na mwishowe chuma kimoja kitakula kingine. Kama kuna matundu ya bolti yaliyokwisha kuwapo, yatumie hayo. Usitoboe mapya kabla ya kuona kwa macho kilichoko nyuma, maana magari mengine yana nyaya na vyombo vya kuamsha mifuko ya hewa ya kuokoa watu wakati wa ajali. Mahali pa namna hiyo mwite fundi. Na wavu wako usifunike namba ya gari wala taa.

Tano, jaribu. Kabla ya kufunga wavu, sisi tulikuwa tumepanda kilima kirefu na mzigo wa kawaida, tukaangalia mshale wa joto ulisimama wapi. Baada ya kufunga tulipanda kilima kile kile, na mzigo ule ule, saa ile ile ya mchana. Mshale ulikaa mahali pale pale, na shemeji akapiga makofi kama aliyeshinda kesi. Kwako wewe mshale ukipanda kuliko zamani, usijidanganye kwamba utazoea. Ondoa wavu, utafute wenye matundu makubwa zaidi, au uangalie kama rejeta yenyewe haijaziba kwa ndani. Na baada ya safari mbili tatu kaza tena nati zote.

Nimesema juu ya mawe; yako na mambo ya nyasi na wadudu. Pande za Biharamulo, karibu na yale mapori ambayo mwaka 2019 yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ziko njia ambazo nyasi husimama katikati, zikafika juu ya bampa. Mbegu zake huingia kwenye rejeta zikashona kama pamba. Wenzetu wa Botswana na Australia, ambao nao wana nyasi za namna hiyo, hutumia wavu wa pili mwembamba wa kuzuia mbegu, ambao huufunga mbele wakati wa kupita nyasini tu. Huo uweze kuvuliwa kwa dakika moja. Ukitoka nyasini, uvue, uukung'ute, uuweke nyuma ya kiti. Tena chungulia na chini ya gari, kwenye bomba la moshi. Nyasi kavu zikinasa hapo huweza kushika moto, na magari mengi yameteketea kwa sababu hiyo.

Na senene je? Mkoa wetu wa Kagera wote unawajua. Wakishuka baada ya mvua za Novemba huyafuata mataa. Senene kwenye kikaango ni baraka, lakini kwenye rejeta ni balaa, maana huiva humo wakaganda. Wavu wa mawe hautawazuia wote, ila wengi watabaki juu yake, nawe asubuhi utawafuta kwa brashi laini.

Maana wavu nao wataka kutunzwa. Kila wiki wakati wa masika ufungue, uoshe tope. Rejeta imwagie maji taratibu, ukianzia upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Maji ya nguvu nyingi hulaza vile vibati, ukajikuta umefanya kazi ya jiwe. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe gari likiwa la moto. Wako watu wenye makovu usoni kwa kosa hilo.

Desturi hii si mpya. Mashindano ya motokaa ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, madereva walikuja kujifunza kwamba katika nchi hizi gari lisilokingwa mbele halifiki mbali. Wao walikuwa na mafundi na fedha. Sisi tuna mkasi wa bati na mpira wa tairi bovu. Lakini jiwe halimwulizi mtu ana fedha kiasi gani.

Mmoja wa vijana wangu aliniuliza kwa nini nisimlipe fundi mjini akamaliza kazi kwa saa moja. Nilimjibu kwamba fundi ana kazi yake na ninamheshimu. Kichwa cha silinda kikipinda sitakigusa mimi. Lakini kitu nilichokifunga mwenyewe ninakijua. Kikilegea nasikia, kikiziba naona, nami najua namna ya kukifungua gizani. Kazi yetu ilichukua mchana mmoja wa Jumamosi, na vijana watatu walikuwa wameshika koleo kwa zamu. Hao watatu sasa wanajua rejeta iko wapi na kwa nini mshale ukipanda ni lazima kusimama, hata watu wakipiga makelele.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini katika habari ya motokaa nawaomba mziongeze hekima za yule mama wa chekecheke: kabla ya kuziba, tazama kwanza kama hapo si mahali pa kupitia pumzi. Mwenye gari, Jumamosi ijayo fungua boneti uchungulie. Usiye na gari, mwulize jirani yako mwenye pikapu kama mbele ya rejeta kuna wavu. Akisema hakuna, mpeleke vijana wenu wawili wakamsaidie. Mtakuwa mnajisaidia ninyi wenyewe.

Kwaherini, na safari njema.